Sarafu za shambani na ndimu ya jikoni

Wikendi nilikuwa kwa dani, yaani nyanya yangu, huku nje ya Kisumu tukipalilia mahindi, jembe ikagonga kitu kumbe ni sarafu tatu, chafu hadi huwezi jua ni pesa ama kifuniko ya soda. Moja ina shimo katikati, ile senti kumi ya Afrika Mashariki ya zamani, na nikisugua kidogo na kidole nikaona 1952.

Nikazilowesha kwanza kwa maji moto na sabuni, udongo ukatoka, ile weusi ikabaki. Basi nikachukua moja nikakamulia ndimu kwa kikombe na chumvi kijiko moja, asidi ndio hula ile kutu ya shaba, dakika tano tu inang'aa. Shida nikaenda kupiga stori na dani nikaisahau karibu saa nzima, kurudi iko pinki pinki hivi, haikai pesa tena! Ukitoa suuza vizuri na maji yenye magadi soda, ukiiacha na asidi itageuka kijani.

Ile ya shimo sikuitia ndimu. Wanaokusanya sarafu hawataki iliyosuguliwa, bei inaanguka. Dani naye anauliza, sasa hii itanunua sukari?