Mkono wangu baada ya kiharusi: sumaku na mazoezi

Kiharusi kilinipata upande wa kulia wa ubongo, kwa hiyo uliodhoofika ni mkono wa kushoto. Mguu ulirudi mapema. Mkono ulibaki unaning'inia, vidole vimejikunja, na kila nilipojaribu kunyoosha kiwiko, bega zima lilipanda juu badala yake.

Nilipoambiwa kuna tiba ya kusisimua ubongo kwa sumaku, nilitaka kwanza kujua inafanyaje kazi. Daktari alinieleza kwamba pande mbili za ubongo huzuiana. Upande mmoja ukijeruhiwa, ule mwingine unaweza kuuzidi nguvu na kuukandamiza. Basi koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa mapigo ya sumaku, huwekwa kichwani juu ya upande usio na jeraha na kutoa mapigo ya polepole, mara 1 kwa sekunde, ili kuutuliza. Au huwekwa upande ulioumia kwa mapigo ya haraka, ili kuuamsha. Mimi nilifanyiwa ile ya kwanza. Si teknolojia ya jana: mwanasayansi Anthony Barker na wenzake waliionyesha mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1985.

Niliulizwa maswali mengi kabla ya kuanza: kama nina chuma kichwani, kifaa cha moyo, historia ya kifafa, na dawa ninazomeza. Jibu yote kwa ukweli. Kupata degedege ni nadra, lakini ndiyo hatari kubwa wanayoiepuka. Kisha mtaalamu akasogeza koili kidogo kidogo kichwani mpaka kidole gumba cha mkono wangu wa kulia, ule usioumia, kikashtuka chenyewe. Hapo ndipo alipolenga, na nguvu ya mapigo ikapangwa kutokana na mshtuko huo. Nilivaa vizibo vya masikio, nikasikia mlio kama wa kalamu inayogonga meza. Siku za mwanzo kichwa kiliuma kidogo, basi.

Kazi yenyewe ilianza koili ilipoondolewa. Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa ananisubiri, na hakuniruhusu hata kupumzika, kwa sababu athari ya mapigo kwenye ubongo ni ya muda mfupi na mazoezi yanapaswa kuingia humo humo. Kushika kikombe na kukiachia (kuachia ndiko kugumu, vidole havitaki kufunguka). Kugeuza kadi. Kuhamisha vibao vidogo kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine huku saa ya dakika 1 ikikimbia. Kitendo kile kile, tena na tena, kikiongezewa ugumu kidogo kila nilipokizoea. Nyumbani nilivaa glavu nene mkono wa kulia ili usiingilie, maana mkono dhaifu usipotumiwa, ubongo huzoea kuuacha. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub ndiye aliyeendeleza tiba hii ya kuuzuia mkono usioumia. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha watu 222, ulionyesha kuwa inasaidia na manufaa yake hudumu angalau mwaka 1. Ila lazima uwe na uwezo kidogo wa kunyanyua kifundo cha mkono na vidole. Mkono usiosogea kabisa huanza na njia nyingine.

Kuhusu sumaku, lazima niseme wazi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa watu 199 uliolinganisha mapigo ya polepole na mapigo ya bandia, wote wakifanya mazoezi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Siwezi basi kudai kwamba koili ndiyo iliyonifungulia vidole. Ninachoweza kudai bila wasiwasi ni mazoezi. Ndiyo maana nahuzunika nikisikia mgonjwa ametumia akiba yake yote kwa sumaku peke yake, kisha akarudi kitandani kusubiri mkono uamke. Kabla hujalipa chochote, uliza ni nani atakayekufanyisha mazoezi baada ya kila kikao, na kwa muda gani.

Sasa nafungua mlango kwa mkono wa kushoto, na nashikilia sahani nikiiosha. Vifungo vya shati bado vinanishinda, na vidole hukakamaa nikichoka. Mtaalamu amenipa shati lenye vifungo vikubwa nifanyie mazoezi, na kile cha juu kabisa nimeanza kukipitisha.