Bustani Yetu ya Magunia Umoja

Nilistaafu ukarani mwaka 2019, na miezi michache baadaye mke wangu akafariki. Tangu hapo nikawa naamka saa tisa za usiku na kukaa sebuleni hadi kupambazuke, nikisikiliza matatu za kwanza zikipiga honi barabarani. Daktari wa kliniki aliniandikia dawa za presha, kisha akaniambia nitafute shughuli ya kunitoa nyumbani kila asubuhi. Nyuma ya majengo yetu hapa Umoja palikuwa na kipande cha ardhi, upana wake kama vyumba vitatu, ambacho watu walikigeuza jaa. Nilianza kwenda hapo na reki.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliwashawishi majirani kumi na wawili tusafishe pamoja, tupande sukuma wiki pamoja na tuvune pamoja, nao wakakubali, kwa kuwa ilikuwa Aprili 2020 na wengi walikuwa wamesimamishwa kazi kwa sababu ya korona. Udongo wa upande huu wa Nairobi ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha hung'ang'ania viatu, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza kidole. Hata hivyo, si udongo uliotuangusha. Kila mmoja alidhani mwenzake amemwagilia. Masika yalipokatika, miche yote ililala chini isipokuwa mitano iliyokuwa karibu na mlango wa mama mmoja wa nyumba za chini, ambaye kila jioni aliimwagia maji aliyooshea mchele. Miche hiyo ndiyo iliyonipa akili: kila nyumba ipewe gunia lake, na vya wote vibaki viwili tu, yaani shimo la mboji na tangi la maji ya mvua.

Kujaza gunia kuna ufundi wake. Unachukua gorogoro, yaani kopo la kupimia nafaka, lililokatwa kitako, unalisimamisha katikati ya gunia na kulijaza kokoto, kisha unazungusha udongo uliochanganywa na samadi kandokando yake. Udongo ukifika ukingoni, unalivuta gorogoro juu taratibu, kokoto zibaki zimesimama, na unarudia hivyo hadi juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo inayoyafikisha maji chini, maana bila hiyo sehemu ya juu huoza na ya chini hubaki kavu. Ubavuni unatoboa matundu na kuchomeka miche, na gunia moja la kilo 90 linabeba kama miche 30. Mtungi mmoja wa lita 20 ulitosha magunia mawili kwa siku, jambo lililokuwa muhimu kwetu ambao maji ya mfereji hutujia kwa zamu. Kijana mmoja alipendekeza tuchepushe maji ya bomba la majitaka lililopasuka, na hapo nilikataa katakata. Mboga za majani huliwa na watoto, na maji ya aina hiyo yana vijidudu, pengine hata madini yenye sumu.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto walikuja na barakoa zao bila kuitwa. Aliyewafundisha zaidi hakuwa mimi, bali nyanya wa miaka zaidi ya themanini aliyekuja kutoka Vihiga kumtembelea bintiye, akazuiliwa na amri ya kutosafiri. Aliponiona nikimwaga mbegu za managu, mboga ya kienyeji ya majani, kiganja kizima mahali pamoja, alicheka. "Mwanangu, hapo umepanda au umetupa?" Alituonyesha kuponda matunda yaliyoiva, kuyaacha katika maji usiku kucha, kuosha mbegu hadi utelezi uishe na kuzianika kivulini, kisha kuzichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzipanda ili zisirundikane. Tulibishana nusu saa kuhusu jina: yeye alisema lisutsa, jirani Mluo akasema osuga, na watoto wakashikilia managu. Nina hakika hawatalisahau jani hilo.

Kamati ya wakazi ilitaka kutuondoa, ikidai kilimo hakiruhusiwi mjini. Niliwapelekea nakala ya sheria ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu kilimo cha mjini, nayo ikamaliza ubishi haraka kuliko nilivyotarajia.

Dawa za presha bado nazimeza, na sitamdanganya mtu kwamba sukuma wiki imeniponya. Lakini sasa naamka saa kumi na moja, na nikichelewa kushuka mtu hubisha mlango kuuliza kama niko salama.

Jumamosi iliyopita tulipima mbegu za kunde zilizokaa dukani muda mrefu. Msichana wa darasa la nne alizifunga kumi katika kitambaa kibichi na kuziweka jikoni kwao. Alipokifungua baada ya siku tano, sita zilikuwa zimeota. "Babu, hiyo ni asilimia 60," alisema, kisha akafikiri kidogo. "Basi tutie mbili mbili kwa kila shimo." Tulipanda hivyo, na yeye ndiye aliyeshika daftari.