Pembe ni kugeuka, sio urefu wa mistari

Watoto wengi wanaosumbuliwa na pembe sio kwamba hesabu imewashinda, hawajaambiwa tu kinachopimwa ni nini. Binti wa dada angu hapa Tabata nilimchorea pembe mbili, zote nyuzi 40, moja mistari mifupi nyingine nikaivuta mpaka mwisho wa ukurasa, nikamuuliza ipi kubwa, fasta akaonyesha ile ndefu. Na ana mkebe mzima na kipimapembe ndani!

Pembe inapima mstari mmoja umegeuka kiasi gani kutoka kwa mwenzie, basi. Refusha hiyo mistari mpaka Kibaha, nyuzi zitabaki 40. Ukigeuka mzunguko mzima ukarudi ulipoanza ni nyuzi 360, namba tuliyorithi kwa Wababeli wa kale waliokuwa wanahesabu kwa 60, na ni namba tamu maana inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10, 12 bila kubaki kitu. Robo ya mzunguko ndo 90.

Sasa kipimapembe. Alama ya katikati ikae pale pale mistari inapokutana, na mstari wa sifuri ulale juu ya mstari mmoja wa pembe, sio ule ukingo wa plastiki wa chini, maana vingi vina kipande kimezidi hapo na ndo kinachoharibu majibu ya watoto. Halafu kuna safu mbili za namba, unasoma ile iliyoanza na sifuri upande wa mstari wako. Mfundishe akadirie kwanza kwa macho, akiona pembe ni kali, yaani chini ya 90, hawezi kukuandikia 140.

Fundi ujenzi anajua haya bila kipimapembe. Anapima sm 60 upande huu wa msingi, sm 80 upande ule, anavuta tepu toka alama hadi alama, ikisoma mita 1 kona iko 90, ikizidi kona imefunguka.

Kama una saa ya ukutani muulize mwanao saa tisa kamili mishale ina nyuzi ngapi, atasema 90 na yuko sahihi. Kisha muulize saa tisa na nusu. Hapo mshale mrefu uko kwenye 6 ila mfupi nao umetembea, uko katikati ya 3 na 4, kwahiyo ni 75.