Mstari Uliorukwa

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imepigwa taipu upande mmoja, na chini yake palikuwa na alama ya dole gumba langu la kushoto, nyeusi, iliyosambaa kidogo pembeni kwa sababu nililiondoa dole kwa haraka kama mtu aliyeungua. Nilikuwa na umri wa miaka 23, mbeba mizigo katika ghala. Siku mbili kabla ya hapo, makasha niliyoyapanga mwenyewe yalikuwa yameporomoka usiku, na vioo vilivyokuwamo vikavunjika. Makasha yale yalikuwa yameandikwa upande upi uwe juu na kwamba yasipangwe zaidi ya mawili. Maandishi yalikuwa makubwa kuliko kiganja changu, na niliyaona vizuri kabisa. Niliyaona kama mtu aonavyo nakshi za kitambaa, akazipita bila kudhani kwamba zinamwambia neno.

Karani aliniwekea karatasi mezani, akanieleza kwamba hasara ile ingefidiwa kwa kukata robo ya mshahara wangu kila mwezi, kisha akanisogezea wino. Sikuuliza kitu. Asiyejua kusoma hujifunza mapema kwamba swali moja huzaa la pili, na hilo la pili huwa ni "Kwani hukusoma?" Nilipokea nakala yangu, nikaikunja mara nne, nikaipeleka kwa Mwalimu.

Hakuwa mwalimu. Alikuwa mbeba mizigo kama sisi, amenizidi miaka kumi na kitu, na tulimpa jina hilo kwa sababu ndiye aliyetusomea barua zetu, matangazo ya ubaoni na vikaratasi vinavyokuja na dawa. Alikuwa na taratibu zake: aliishika karatasi mbali kidogo na uso, akakohoa, akapitisha kidole juu ya maandishi, kisha akasoma kwa sauti ya kiofisi ambayo hakuwa nayo wakati mwingine wowote. Siku ile alinisomea kwamba mfanyakazi anakubali kuwa hasara ilitokana na uzembe wake, kwamba mfanyakazi atakatwa robo ya mshahara kila mwezi, na kwamba mfanyakazi ameweka dole gumba kwa hiari yake.

"Ndiyo hivyo, mdogo wangu," akasema huku akinirudishia. "Utakatwa mpaka iishe."

Nilimwuliza itaisha lini, naye akajibu kwamba itakapoisha nitaambiwa.

Sikuambiwa. Nilihama chumba nilichokuwa nimepanga, nikawa nalala ghalani kwa ruhusa ya mlinzi, na kila mwisho wa mwezi nilihesabu pesa pungufu nikiwa nimesimama mbele ya dirisha lile lile. Mwezi wa saba nilijikaza nikauliza kama deni limekaribia kwisha. Karani akasema bado, bila kuinua macho.

Ningependa kuandika kwamba nilianza kujifunza kusoma kwa kiu ya elimu, lakini ukweli ni kwamba nilianza kwa hasira. Nilitaka kuisoma karatasi ile moja tu, bila sauti ya mtu kati yangu na yenyewe, na sikuwa na nia ya kusoma kitu kingine chochote duniani. Kitabu nilikipata katika marobota ya karatasi kuukuu tulizokuwa tukishindilia kati ya makasha ili yasigongane: kitabu cha watoto cha kufundishia kusoma, hakina jalada, na kurasa zake za mwanzo zimechanika. Kwa sababu hiyo wakati wenzangu wote duniani wameanza na ba, be, bi, bo, bu, mimi herufi b niliijua mwishoni kabisa, tena kwa kubahatisha.

Ukurasa ulionifungua ulikuwa wa hesabu. Tarakimu nilizijua, maana kuhesabu mizigo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na pale kila tarakimu ilikuwa na neno lake mbele yake. Penye 3 palikuwa na alama nne, na ya kwanza ilifanana na ya tatu. Nilitamka neno hilo polepole, tena na tena, huku nikisikiliza kinywa changu: ta, tu. Kumbe mdomo ulikuwa ukifanya jambo lile lile mara mbili, kisha ukabadilika mwishoni tu. Nikaenda kwenye 6, nikaikuta ile ile t katikati ya sita, na a ile ile mwishoni. Nadhani hakuna raha niliyowahi kuipata inayofanana na ile, na ilikuwa raha ya mwizi zaidi kuliko ya mwanafunzi, kwa kuwa nilihisi nimeshika ufunguo ambao sikupewa. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa mtu wa namna yangu: irabu zake ni tano tu, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na neno huandikwa kama linavyotamkwa. Ukizipata hizo tano, konsonanti huja moja moja zikijikabidhi.

Kilichonitesa ni kwamba kitabu kilikuwa na herufi ndogo na makasha yalikuwa na herufi kubwa. Kwa muda wa miezi miwili niliamini kwamba hizo ni lugha mbili. O na o, S na s zilielewana, lakini nani angedhani kwamba A na a ni kitu kimoja, au G na g? Tena makasha yalijaa alama ya X, ambayo niliitafuta kitabuni usiku baada ya usiku bila kuiona, mpaka nilipokuja kujua baadaye sana kwamba maneno ya Kiswahili hayana haja nayo. Palikuwa pia na ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, ambazo zinatenganishwa na kijialama nilichokidhania kuwa ni uchafu wa mashine ya kuchapia.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, Marekani. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1845 anaeleza kwamba alianza kujifunza kuandika kwa kutazama mbao katika karakana ya meli mjini Baltimore, ambako maseremala waliandika L kwenye ubao wa upande wa kushoto wa meli na S kwenye ule wa kulia, wakaongeza F kwa wa mbele na A kwa wa nyuma. Kisha akikutana na mvulana ajuaye kuandika, humwambia kwamba na yeye anajua, wakashindana, naye akaondoka na herufi mpya. Nilimwonea wivu. Sikuwa na ujasiri wa kujigamba mbele ya mtu ili anisahihishe. Mimi nilijificha nyuma ya magunia, na kosa langu likibaki kosa kwa majuma.

Nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba sitaikunjua karatasi ile mpaka nimalize kitabu, kwa kuwa niliogopa kuielewa nusu, na nusu nilikuwa nayo tayari. Lilikuwa sharti la kijinga, kama nitakavyoeleza.

Nilimaliza mwezi wa 13 wa makato. Usiku huo mlinzi alikuwa amelala, taa ya mlangoni ilikuwa inawaka, nikaketi chini yake na kuikunjua karatasi, ambayo mikunjo yake ilikuwa imeanza kulika. Nilikuwa nimejizoeza kufunika neno kwa dole gumba na kulisogeza kidogo kidogo, silabi moja baada ya nyingine, ili urefu wake usinitishe. Nikaanza: m-fa-nya-ka-zi. Mstari wa kwanza nilimaliza haraka kuliko nilivyotarajia, wa pili pia, na nilipokuwa katikati ya wa tatu nilitambua kwa nini. Nilikuwa sisomi. Nilikuwa nakumbuka. Sauti ya kiofisi ya Mwalimu ilikuwa ikinitangulia neno moja mbele, nami nikiifuata kama kipofu aliyeshikwa mkono, nikijisifu kwamba naiona njia.

Nikafika mstari wa nne, na sauti haikuwapo.

Nilirudi nyuma nikidhani nimepotea mahali. Sikuwa nimepotea. Kati ya habari ya robo ya mshahara na habari ya dole gumba kulikuwa na mistari miwili ambayo sikuwahi kuisikia, na katikati yake, wazi kabisa, nililiona neno ambalo nililijua tangu ukurasa wa hesabu: sita. Lingeandikwa kwa tarakimu, ningeliona siku ile ile mbele ya karani. Na kama nisingejiwekea lile sharti langu, ningeliona tangu nilipojifunza herufi zangu nne za kwanza.

Sita nini? Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa mara ya kwanza maishani, ikiwa kusoma ni kupata kutoka kwenye karatasi jambo ambalo hakuna mtu aliyekwisha kukwambia. Neno la kwanza lilikuwa makato. La pili lilinichukua muda mrefu, kwa maana kila nilipofika mwisho wake nilikuwa nimekwisha kusahau mwanzo: ya-li-yo-ta-jwa. Baadaye likaja jingine, nikalisoma "yatazidi", nikaunganisha: makato yaliyotajwa yatazidi miezi sita. Nilikaa kimya. Basi nilikuwa nimekubali mwenyewe, kwa dole langu, kwamba yatapita miezi sita na kuendelea mpaka wapendapo wao. Nilikaribia kuikunja. Nikaona kwamba dole gumba langu lilikuwa limefunika mwanzo wa neno, nikalisogeza, na chini yake zikatokea herufi mbili: ha. Hayatazidi.

Makato yaliyotajwa hapo juu hayatazidi miezi sita tangu tarehe ya makubaliano haya, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane vinginevyo kwa maandishi. Nimeunakili hapa kama ulivyo, siwezi kuusahau. Niliusoma labda mara ishirini, kila mara nikianza na ile ha, nikihofia kwamba itakuwa imeondoka.

Sikumkasirikia karani usiku ule, jambo ambalo hata mimi hunishangaza. Nilimkasirikia Mwalimu. Nilijiaminisha kwamba aliuona mstari ule akauficha, kwamba amepewa kitu, kwamba wanagawana robo yangu, na kufikia alfajiri nilikuwa nimemtungia kesi nzima pamoja na hukumu yake.

Kwa karani sikukaa sana. Nilimwekea karatasi mezani, nikamsomea mstari ule kwa sauti, silabi kwa silabi, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri nyuma yangu, na hakunikatiza hata pale nilipokwama kwenye "vinginevyo". Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Makato yalikoma mwezi huo. Kilichokatwa kupita kiasi nilirudishiwa nusu, na ile nusu nyingine niliidai mpaka nikachoka.

Mwalimu nilimkuta mchana, wakati wa mapumziko, amekaa juu ya kasha. Nilimpa karatasi, nikamwomba anisomee tena kama alivyonisomea mwanzo. Akaishika mbali kidogo, akakohoa, akapitisha kidole, na ile sauti ikaja. Uzembe wake. Robo ya mshahara. Kidole chake kikafika mstari wa nne, kikagusa neno la kwanza, kikasimama kwenye la pili, kikatetemeka hapo kwa muda mfupi ambao mtu asiyejua asingeuona, kisha kikashuka mistari miwili kwa mpigo na sauti ikaendelea bila kukatika: mfanyakazi ameweka dole gumba kwa hiari yake. Aliuruka mbele ya macho yangu, na hakujua kwamba nimeona.

"Kaka," nikamwambia, "hapa katikati."

Aliitazama karatasi, akanitazama, akaitazama tena. Alipojibu, alijibu kwa sauti yake mwenyewe. "Hapo pana maneno marefu."

Alikuwa amesoma miaka miwili utotoni. Maneno mafupi aliyajua, na marefu aliyakisia kutokana na yale mafupi yaliyoyazunguka. Asipoweza kukisia, aliruka. Nilimwuliza barua zetu alikuwa akizisomaje.

"Barua zote ni moja, mdogo wangu. Wanasalimu, wanaomba pesa, wanasalimu."

"Na vikaratasi vya dawa?"

Hakujibu hilo, na mimi sikulirudia.

Mwaka 1958 UNESCO ilipendekeza kwamba ahesabiwe kuwa amejua kusoma na kuandika yule awezaye kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na rahisi kuhusu maisha yake ya kila siku. Nilipolikuta pendekezo hilo nilimkumbuka Mwalimu mara moja. Kwa kipimo hicho huenda angefaulu, maana mistari mitatu mifupi aliisoma sawasawa na kuielewa. Tatizo ni kwamba kilichokuwa kikitula sisi hakikuandikwa kwa ufupi wala kwa urahisi. Kesi niliyomtungia usiku iliniishia mikononi. Pale ghalani nilijiona mimi ndiye kipofu pekee, na kumbe niliyemwegemea alikuwa akipapasa ukuta ule ule, tena akiwa na mzigo wa watu kumi na wawili waliomshika shati.

Tulikaa kimya mpaka muda wa kazi ukakaribia. Kisha akainyosha karatasi juu ya paja lake, akaniuliza bila kunitazama, "Hili la pili ulilivunjaje?"

Niliweka dole gumba langu juu ya neno, nikaacha ya peke yake. Akaitamka. Nikasogeza, ikatokea li, kisha yo. Kabla sijasogeza tena alinishika kiganja, akakiondoa taratibu kwenye karatasi, akaweka dole lake mwenyewe.