Uzio wa vioo na chumvi ya Shangani

Watu wakipita hapa Shangani, Mtwara, wakaona uzio wa vioo wanauliza swali moja tu, eti mmelipa shilingi ngapi, hamna anayeuliza nani anauosha. Mi ndo nauosha. Nyumba ni ya kaka yangu yuko Dar, alitaka akikaa barazani aone bahari bila ukuta kumzibia, akaagiza vioo vya tempa, vile vinavyopikwa kwa moto viwe imara, vya milimita 12 vikaja na lori na fundi wake juu, vikafungwa kwenye vile vishikio vya chini vya stenlesi, vikapendeza kweli, af yeye huyo akarudi zake Dar. Tuliobaki na upepo ni sisi.

Ukiishi karibu na bahari sahau kwanza habari za kusugua. Huku uchafu wenyewe ni chumvi, vumbi linafuata. Upepo wa kusi ukishakolea, mwezi wa sita hivi mpaka wa nane, unaamka asubuhi kioo kimefanya ukungu mweupe, pitisha kidole ulambe utajua mwenyewe. Na kwenye ile chumvi kuna mchanga umenata. Sasa anatokea shemeji mwenye bidii zake na kitambaa kikavu anafuta hapo hapo, anajiona anasafisha kumbe anaburuza mchanga juu ya kioo, jua la jioni likipiga ndo unaona mistari, na mistari ile haitoki tena. Kwahiyo unaanza na maji, mengi, kutoka juu kwenda chini, huna mpira basi ndoo na kopo zinatosha, ilowe kwanza chumvi iyeyuke iondoke na mchanga wake. Baada ya hapo ndo sabuni ya kuoshea vyombo, kidogo kweli kweli maana ikizidi inabaki utelezi unaovuta vumbi, sponji laini, suuza, af vuta maji kwa ule mpira wa kufutia vioo vya magari. Magazeti waachie madirisha ya ndani. Na fanya asubuhi mapema au jioni, saa sita mchana kwa jua la Mtwara kioo kimeshapata moto, maji yanakauka hata hujafika kona ya pili.

Halafu kuna suala la maji yenyewe. Visima vingi vya pwani maji yake ni magumu, yana chokaa, hata sabuni haitoi povu la maana. Ukiosha nayo ukaacha yajikaukie, kila tone linaacha kaduara keupe, kesho jingine juu yake, mwishowe kioo kinakuwa na madoadoa ambayo sabuni haiyawezi. Yale dawa yake ni asidi: vinega nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kibandike kwenye doa dakika chache, futa, suuza sana. Ndimu nayo inafanya kazi hiyo hiyo, ila kwa uzio mzima utamaliza gunia. Doa likikaa muda mrefu sana linakula kioo chenyewe na hapo hata vinega inagonga mwamba. Mi nimeweka simtanki nakinga maji ya mvua, mvua zetu huku ni Desemba mpaka Aprili hivi, yale hayana chokaa, nayatumia kwa suuza ya mwisho tu. Mke wangu anasema maji ya mvua ni ya kupikia chai siyo ya kuogeshea vioo, tukaishia kugawana ndoo.

Mavi ya kunguru usikwangue na kisu, lowesha yalainike. Na jogoo wa jirani anayekuja kupigana na kivuli chake kwenye kioo cha mwisho, huyo sina ushauri.

Ila kama una nguvu ya kufanya kitu kimoja tu, kiache kioo kwanza uende kwenye vyuma. Watu wanaamini stenlesi haishiki kutu. Inashika. Inayoilinda ni ngozi nyembamba sana ya kromiamu inayojitengeneza yenyewe ikipata hewa, na chumvi ndo adui wa hiyo ngozi, hasa pale inapojificha na hewa haipiti vizuri, chini ya kifuniko, shingoni mwa boliti, pale kioo kinapozama kwenye kishikio. Unaona tu rangi ya kahawia inateremka taratibu. Stenlesi ya kawaida ni ya daraja la 304, ya kukaa baharini ni 316 ambayo imeongezwa madini ya molibdenamu asilimia 2 hadi 3, bei yake imechangamka, na mtu asikuzuge dukani na sumaku, sumaku haitofautishi hizo mbili, zote kwa kawaida hazishiki. Doa likiwa bichi linatoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, af suuza na ukaushe. Waya wa kusugulia masufuria marufuku, unaacha vipande vya chuma vinavyokuja kuota kutu juu ya stenlesi yako. Jiki marufuku, inakula ile ngozi, na wala usiichanganye na vinega, inatoa gesi ya klorini itakuangusha hapo hapo. Mafuta ya taa pia hapana, yanaharibu ile mipira inayozuia kioo kisigusane na chuma, na kioo kikishagusana na chuma hapo ndo matatizo yanapoanzia.

Maana tempa uimara wake uko usoni, ukingoni ni dhaifu. Kikipata jiwe usoni kinaweza kuvumilia, kikigongwa kona kidogo tu kinaweza kumwagika chote kama punje za mahindi. Kwahiyo nikiosha napapasa kingo nikiwa na glovu, natafuta palipobanduka, boliti iliyolegea nakaza kiasi tu, sibani. Jirani akipiga plasta nafunika upande wake na nailoni, saruji ikirukia kioo ioshe ikiwa mbichi, ikikauka inaacha alama.

Na kioo cha tempa hakikatwi wala kutobolewa kikishapikwa, vyote vinafanywa kabla, kwahiyo kimoja kikienda unaagiza kingine kwa vipimo kamili mpaka mahali pa matundu. Vya kwetu nimeviandika kwa maka nyuma ya mlango wa stoo, pamoja na saizi za boliti.