Makasha ya kibiriti yanayojifunza

Nilipoamua kumfundisha binti yangu wa miaka minane msingi wa akili mnemba, niliweka kompyuta kando nikakusanya makasha matupu ya kibiriti, kwa kuwa mwaka 1961 mtafiti wa Uingereza, Donald Michie, alitumia makasha 304 yenye shanga za rangi kuunda mashine iliyojifunza, bila umeme, mchezo wa kupanga sifuri na misalaba.

Mchezo wetu ni mdogo zaidi: mezani pana vijiti kumi, kila mchezaji huondoa kimoja au viwili, na anayelazimika kuchukua cha mwisho ameshindwa. Kila idadi ya vijiti vilivyobaki ina kasha lake lenye maharage na kunde, na makasha hayo ndiyo mashine yetu. Harage huamuru kuondoa kimoja, kunde huamuru viwili, na punje huchomolewa bila kutazama. Mashine ikishindwa, punje ya uamuzi wake wa mwisho uliokuwa na chaguo hutolewa.

Mwanzoni binti yangu alishinda kwa urahisi. Baadaye mashine ikaanza kumshinda, naye akafungua kasha la vijiti vitano akakuta maharage matupu.

“Kumbe haifikiri, mama. Tumeiondolea makosa tu.”

Sijapata maelezo bora kuliko hayo, hata kwa watu wazima.