Tafakari ya wiki: Mwenye ng'ombe naye ataulizwa

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikupanga kuandika juu ya magari. Nilikuwa nimeandaa 1 Petro 5:8, "Mwe na kiasi na kukesha," na nilitaka tuongee juu ya maombi ya usiku. Lakini Jumapili asubuhi, nilipotoka kupangusa gari kabla ya ibada, nilikuta sambaza, wale samaki wadogo, kwenye grili. Si mmoja. Walikuwa kumi na kitu, wamekauka, wamekwama mbele ya radieta, wanang'aa kama vipande vya bati. Kioo cha pembeni upande wa kulia kilikuwa kimefungwa kwa skochi. Viti vya nyuma vimejaa poda.

Poda niliielewa. Jumamosi matokeo ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalikuwa yametoka, kijana wangu amepata diploma, na watu wa Bukavu mnajua siku hiyo inavyokuwa: wafinalisti wamemwagiwa poda hadi kwenye kope, honi kila kona, miguu nje ya madirisha. Aliniomba ufunguo, nikampa. Na hapa natubu mbele yenu: alipokuja kunikumbatia nilisikia harufu ya bia. Nilisikia kabisa. Nikajiambia ni siku ya furaha, nisiiharibu.

Nilipomuuliza habari za sambaza, alinyamaza kwanza. Kisha akasema. Jioni, akipita mtaa wa Essence, walikuwa saba ndani ya gari la watu watano. Mwenzake akanyoosha simu wapigwe picha, naye akageuza uso kuicheka simu. Kando ya barabara kulikuwa na mama na beseni lake la sambaza. Mama aliruka. Beseni lilibaki pale pale. Kijana wangu hakusimama.

Nilipaza sauti hadi majirani wakasikia. "Simu kwenye usukani! Nani alikufundisha?" Akanijibu polepole, bila jeuri: "Papa, si wewe unasomaka WhatsApp tukipanda barabara ya Panzi?"

Ibada ile sikumbuki hata wimbo mmoja.

Jumapili usiku nilifungua Kutoka 21. Mlango huo huwa tunaupita haraka, tukiona ni sheria za wafugaji. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa na mwenyewe anaachiliwa. Lakini kama ng'ombe huyo alizoea kupiga, na mwenyewe alikwisha kuambiwa, asimzuie, basi damu inamfuata hata mwenyewe. Swali zima liko hapo: ulijua? Mimi nilijua. Pua yangu ilinionyesha. Mzee Eli naye alijua habari za wanawe, na Bwana alimhukumu kwa sababu alijua, asiwazuie.

Wazee wenzangu, mnisamehe, leo sisemi na vijana kwanza. Nasema na wenye ng'ombe. Tunawanunulia watoto permi, leseni ya kuendesha, kabla hawajaweza hata kuondoka kwenye mlima bila gari kurudi nyuma. Tunawapa gari lenye usukani upande wa kulia, katika nchi inayoendesha kulia, gari ambalo ili uone kama njia ni nyeupe kabla ya kupita lori, lazima utoe nusu ya gari lenyewe katikati ya barabara. Mzoefu hupata shida, sembuse mtoto wa miaka kumi na minane ambaye jirani yake kwenye kiti anamwambia "pita, pita" naye anacheka.

Na wewe ndugu mwenye moto tatu, pikipiki za kubeba abiria mjini, unayemdai motari wako, yule dereva, versement ile ile ya kukuletea, mvua inyeshe isinyeshe, amelala hajalala: mwendo wake umeupanga wewe. Unashangaa nini akibeba watu watatu, na kofia ngumu moja tu, nayo inaning'inia kwenye usukani? Halafu Jumapili unasimama kushukuru kwa ulinzi. Nimeona gari limeandikwa "Damu ya Yesu" kwenye kioo cha nyuma na breki zake zinalia tangu Pasaka. Bwana wetu alipoambiwa ajitupe toka kwenye kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamchukua, alikataa. Alisema usimjaribu Bwana Mungu wako. Sisi tunajitupa kila siku, tena tukiimba.

Nimeshuka Ngomo, ile barabara ya mlimani yenye shimo kando, mara nyingi nikienda Kamanyola na Uvira. Pale kila mtu anakuwa na adabu. Gia ndogo unaiingiza juu, kabla mteremko haujaanza, maana ukitegemea breki peke yake zinapata moto na kukuacha. Hakuna anayeshuka Ngomo akijipiga picha. Lakini mjini, ambako hakuna shimo la kututisha, tumejiachia. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, kupita ugonjwa wowote. Hao ndio kwaya yetu, wapendwa. Ndio darasa la Jumapili.

Kwenu vijana nina machache. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unamaliza karibu mita 17. Kutazama simu kwa sekunde tatu ni kwenda mita 50 umefumba macho. Na msidanganyane juu ya kahawa, maji baridi wala kunawa uso: bia inaondoka kwa wakati wake, chupa moja kubwa inaweza kukaa mwilini saa nne au zaidi. Mlevi wa Mithali 23 anasema wamempiga wala hakusikia. Akiwa kwenye usukani, anayesikia ni mwingine.

Jumatatu tulikwenda Essence, mimi na kijana, kwa miguu. Ufunguo uko kwa mama yake, na simu yangu sasa nikiendesha inakaa kwenye mkoba nyuma. Tulimpata yule mama mahali pale pale, ana beseni jipya la plastiki alilokopa. Kijana alipiga magoti chini, kwenye matope, akasema mwenyewe bila mimi kumsukuma. Mama alimtazama muda mrefu, akauliza kama amefaulu. "Ndiyo, mama." Akachukua pesa, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

Tukaaga. Tulikuwa tumekwisha kugeuka aliposema: "Na kandambili yangu?"

Akaitoa chini ya meza. Ilikuwa moja, ya mguu wa kushoto, imebaki barabarani aliporuka. Alama za tairi zilikuwa juu yake, toka kisigino hadi kwenye vidole.